Homa, Kalenda na Tangi la Nitrojeni: Uviko-19 Ulivyowagusa Wanaotafuta Mtoto

Tarehe 17 Machi 2020, ASRM, jumuiya ya madaktari wa uzazi ya Marekani, ilitoa mwongozo uliosimamisha karibu kazi zote za kliniki za uzazi. Msianzishe matibabu mapya, msichochee mayai, msirudishe kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kwenye mji wa mimba hata kama kimegandishwa tangu mwaka juzi. Waliokwisha kuanza sindano wamaliziwe, na wenye saratani wanaohitaji kuvunwa mayai kabla ya kemotherapi wasizuiwe. Siku mbili baadaye jumuiya ya Ulaya, ESHRE, ikawashauri wagonjwa wote wa uzazi waahirishe kushika mimba, hata wasio na dalili yoyote. Uingereza mamlaka ya HFEA ikaamuru kliniki zimalize shughuli ifikapo 15 Aprili, kisha ikaziruhusu kuomba kufungua tena kuanzia 11 Mei.

Afrika Mashariki hapakuwa na wa kutoa amri ya namna hiyo. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF, yaani wa yai lililorutubishwa maabara, mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, lakini janga lilipoingia hakuna nchi kati ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyokuwa na sheria maalumu ya uzazi wa kusaidiwa. Kilichowakwamisha watu kilikuwa barabara na viwanja vya ndege. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma 25 Machi na magari binafsi 30 Machi. Kenya iliweka kafyu kuanzia 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na 6 Aprili ikafunga mipaka ya Nairobi na viunga vyake mpaka mwanzoni mwa Julai. Tanzania watu hawakufungiwa ndani, lakini aliyekuwa amepanga kwenda kutibiwa India alikuta nchi ile imeshazuia ndege za kimataifa tangu 22 Machi.

Tunaanza na tarehe kwa makusudi. Ukiondoa vifo na mimba zilizoharibika, ambazo tutazifikia, kilichowaumiza zaidi watafuta watoto kilikuwa homa na muda, wala si kirusi kutafuna mayai au mbegu kama ilivyovumishwa.

Chukua ratiba ya kawaida ya IVF. Mwanamke anajidunga homoni ya kuchochea mayai kila siku, yuniti 150 hadi 300, kwa siku 8 mpaka 12. Ultrasaundi ya kwanza siku ya 5 au ya 6, halafu kila baada ya siku mbili. Folikali, yaani vifuko vya mayai kwenye ovari, tatu au zaidi zikifika milimita 17 au 18, inachomwa sindano ya kukomaza mayai, na saa 34 hadi 36 baadaye mayai yanavutwa kwa sindano ndefu kupitia ukeni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Sindano ya Jumanne saa tatu usiku maana yake mayai Alhamisi saa tatu asubuhi. Ukivuka saa 38 au 40 folikali zinaanza kupasuka zenyewe, mayai yanaingia tumboni, na hakuna daktari atakayeyapata tena. Sasa mweke mwanamke huyo Kisumu, kliniki yake iko Nairobi, na barabara imefungwa.

Hata kwa anayeishi mtaa wa pili, hatari kubwa ilikuwa kwenye kipimo cha korona. Mpangilio mbaya ni huu: sindano ya kukomaza Jumanne usiku, kipimo Jumatano kwa sababu hospitali inataka majibu ya ndani ya saa 24, majibu yanatoka jioni, ana virusi. Saa imeshaanza kuhesabu na haizimiki. Mkiahirisha, mayai kumi au kumi na tano yanapotea pamoja na pesa zote za dawa, na ovari zilizovimba zinabaki na mgonjwa wake. Wenzi wakikutana kimwili siku hizo bila kinga, wanaweza kushika mimba ya watoto watatu au wanne. Mkiendelea, mnamlaza mtu mwenye maambukizi ya njia ya hewa kwa dawa ya usingizi, na pumzi yake ikibadilika inabidi kumsaidia kwa mfuko wa kupulizia hewa, kitendo kinachorusha matone chumba kizima. Kipimo kinatakiwa kufanyika kabla ya sindano ya kukomaza, siku ile ultrasaundi inapoonyesha folikali za milimita 15 au 16. Akikutwa na virusi hapo, dawa za kuchochea zinasimamishwa na folikali zinanywea zenyewe. Inauma, lakini haimwachii hatari. Aliyeshachomwa, akiwa hana dalili au zake ni nyepesi, anawekwa wa mwisho kwenye orodha ya siku, wahudumu wavae kinga kamili, na viinitete vyote vigandishwe badala ya kurudishwa.

Kugandisha vyote kulikuwa na faida nyingine. Ovari zikichochewa kupita kiasi, maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni, wakati mwingine hata kwenye utando wa mapafu. Mgonjwa anahema kwa shida, tumbo limejaa, uzito unapanda zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo unapungua, damu inakuwa nzito na rahisi kuganda. Korona kali nayo hubana pumzi na kugandisha damu. Mlinganishe mgonjwa wa namna hii na foleni ya wodi ya Aprili 2020 uone daktari wa zamu angemdhania nini. Ndiyo maana kliniki makini ziliegemea dozi za chini, dawa za kuzuia mayai kutoka mapema zinazoruhusu kukomaza kwa njia nyingine badala ya hCG, homoni ya mimba inayotumika kwenye sindano ya kukomaza, na kuahirisha kurudisha kiinitete. Hali hiyo hukolezwa sana na hCG, na mimba ikiingia mwili huanza kuitengeneza wenyewe.

Je, kusubiri kuliwagharimu watu mtoto? Kwa wengi, kusubiri kwa miezi hakukubadili matokeo. Utafiti wa Weill Cornell, New York, uliotolewa mwaka 2020, uliangalia wanawake wenye akiba ndogo ya mayai na haukuona tofauti ya watoto waliozaliwa kati ya walioanza IVF ndani ya siku 90 na walioanza kati ya siku 91 na 180. Takwimu hiyo ni ya kundi, na imeishia miezi sita. Mwenye miaka 42 aliyefungiwa Machi, akapoteza kazi Mei, akapata tena nauli na ada mwaka uliofuata, yuko nje kabisa ya utafiti ule. Kwa maoni yetu kufunga wiki za mwanzo kulikuwa sahihi, maana hakuna aliyejua kirusi kinafanya nini kwa mimba changa, na vitanda vilihitajika. Lililokosekana ni kusema mapema nani hapaswi kusubiri. Mwishoni mwa Mei 2020 jumuiya hizohizo, pamoja na shirikisho la kimataifa la IFFS, zilitamka kwa pamoja kwamba tiba ya uzazi ni huduma ya lazima.

Sasa mbegu. Kirusi cha korona huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi cha ACE2, na korodani zina kipokezi hicho kwa wingi, kwa hiyo hofu haikutoka hewani. Mei 2020 watafiti wa Shangqiu, China, walipima shahawa za wanaume 38 wakakuta chembe za urithi za kirusi kwa 6. Habari ikazunguka dunia. Tafiti nyingi zilizofuata hazikukuta kitu, na hoja ya uchafuzi wa sampuli kwa mikono au matone ya mdomo iliibuka mapema. Ubelgiji walipima wanaume 120 waliopona: hakuna kirusi kwenye shahawa hata ya mmoja. Lakini mbegu zilikuwa zimeumia. Katika mwezi wa kwanza baada ya ugonjwa, asilimia 60 walikuwa na mwendo hafifu wa mbegu na asilimia 37 idadi pungufu. Kwa waliopimwa baada ya miezi miwili, mwendo hafifu ulikuwa kwa asilimia 28 na idadi pungufu kwa asilimia 6.

Mshukiwa mkuu ni joto. Korodani zinaning'inia nje ya tumbo kwa sababu utengenezaji wa mbegu unataka joto lililo chini ya la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Homa ya nyuzi 39 kwa siku tatu inazichemsha mbegu zilizo katikati ya kuumbwa. Kuumbwa huchukua takriban siku 74, halafu kuna wiki moja au mbili za kukomaa kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Homa ya Januari inaonekana kwenye kipimo cha Februari na Machi, wakati mwanamume keshapona na keshasahau. Anaambiwa mbegu zake ni dhaifu, anaanza kununua virutubisho, mbegu zinarudi zenyewe Aprili, sifa anapewa muuza virutubisho. Malaria yenye homa kali inaweza kuleta hesabu hiyohiyo, na madaktari wa huku wangepaswa kuiuliza kila mara kabla ya kusoma majibu.

Kwa hiyo baada ya homa yoyote kali, subiri siku 90 tangu ilipokatika ndipo upime kwa ajili ya kujua hali yako. Ukipima mapema, andika tarehe ya homa kwenye fomu. Viwango vya chini vya WHO vya mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, jumla ya mbegu milioni 39, na asilimia 42 zinazotikisika. Aliye chini ya hapo wiki ya tano baada ya korona hajawa mgumba. Kama umri wa mke hauruhusu kusubiri, kliniki inaweza kudunga mbegu moja ndani ya kila yai, na kwa njia hiyo hata kumi hai zinatosha mayai kumi. Waliokuwa wanajaribu nyumbani nao walichunguzwa: utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wa wenzi zaidi ya 2,000 Marekani na Kanada ulikuta kwamba mwanamume aliyeambukizwa ndani ya siku 60 zilizopita nafasi ya kutungisha mimba ilipungua kwa takriban asilimia 18 kwa mzunguko, na baada ya siku hizo tofauti haikuonekana. Maambukizi ya mwanamke hayakupunguza nafasi hiyo.

Janga lilileta pia desturi ya kutoa sampuli nyumbani, na hapo wengi waliharibu kipimo chao wenyewe. Kopo lichukuliwe maabara, lisiwe la jamu lililooshwa kwa sabuni. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa vyote vinaua au kulegeza mbegu. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Likimwagika sema, usijaze fomu kimyakimya. Kopo likifungwa liingie ndani ya shati, kwapani au kwenye mkanda wa suruali, lifike maabara ndani ya saa moja. Kwenye dashibodi ya gari juani litapikwa, na mbele ya tundu la kiyoyozi litapoa, na majibu ya aina zote mbili yatasomeka kama mbegu zisizotembea. Andika saa ya kutoa, si saa ya kufika.

Si kila kirusi kina huruma hii. Zika, kilichogunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, hukaa kwenye shahawa kwa miezi na huharibu ubongo wa mtoto tumboni. Mwaka 2016 wanaume waliotoka maeneo ya mlipuko waliambiwa na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wasubiri miezi 6 kabla ya kutafuta mtoto, na mwaka 2018 muda huo ukapunguzwa hadi 3. Kwa walionusurika Ebola, jambo linalowahusu sana jirani zetu wa Kongo, WHO inashauri shahawa zipimwe kuanzia mwezi wa tatu na kila mwezi mpaka majibu mawili yawe safi. Matumbwitumbwi humvimbisha korodani mtu mzima na huweza kumwachia ugumba wa kudumu. Anayechukua ushauri wa korona akauhamishia kwenye kirusi kingine atakosea vibaya.

Upande wa mayai kulikuwa na shwari. Barcelona walichunguza mayai 16 ya wanawake wawili waliokuwa na maambukizi siku ya kuvunwa, na hawakukuta kirusi ndani ya hata moja.

Ndani ya maabara kulikuwa na matatizo ambayo wagonjwa hawakuyaona. Chumba cha viinitete huwekwa na msukumo wa hewa kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi na moshi visiingie. Chumba cha mgonjwa wa ugonjwa wa hewa kinatakiwa kinyume chake, hewa ivutwe ndani isitoke. Kliniki ambayo chumba cha kuvuna mayai na maabara vinatenganishwa na mlango mmoja ilijikuta haina mpangilio sahihi; iliyojengwa na kidirisha cha kupitishia mirija ya mayai ilipona. Halafu vitakasa mikono. Kila mlango Machi 2020 ulikuwa na chupa ya spiriti, na mvuke wa spiriti ni sumu kwa kiinitete kilichoko kwenye kitamizi chenye nyuzi 37. Klorini ni mbaya zaidi. Mtaalamu anayefungua kitamizi mikono ikiwa bado imelowa anapeleka mvuke huo ndani, na siku ya tano anashangaa kwa nini viinitete vimegoma kugawanyika. Utaratibu mzuri ni kunawa kwa maji na sabuni, kukausha, kuvaa glovu zisizo na poda, na chupa za spiriti ziishie korido. Kliniki zenye watu wa kutosha ziligawa timu mbili zisizokutana, ili mmoja akiugua maabara isifungwe viinitete vikiwa siku ya tatu.

Na tangi. Viinitete vilivyogandishwa hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na tangi halihitaji umeme. Linahitaji mtu wa kulijaza. Nitrojeni huvukiza kila siku, na kina hupimwa kwa kijiti: unakizamisha, unakitoa, unasoma mstari wa barafu. Viwanda vinavyotenganisha hewa ndivyo vinavyotoa oksijeni pia. India ilipoishiwa oksijeni, na serikali ikaamuru mwishoni mwa Aprili 2021 kwamba oksijeni yote ya kimiminika iende hospitalini, kila mwenye tangi alikuwa na sababu ya kumpigia simu muuzaji wake. Uliza kliniki yako wananunua nitrojeni wapi na wana akiba ya wiki ngapi. Hofu ya kirusi kuhama ndani ya tangi nayo ina msingi. Mwaka 1995 madaktari wa London waliripoti homa ya ini ya B iliyosambaa kupitia nitrojeni kutoka mfuko wa uboho uliovuja. Ndipo sampuli zikaanza kufungwa kwenye mirija inayozibwa ncha zote. Uingereza iliongeza miaka miwili juu ya kikomo cha wakati huo cha miaka 10 cha kuhifadhi, kwa wale ambao muda wao ungeisha kliniki zikiwa zimefungwa.

Kuhusu chanjo tutasema bila kuzunguka. Desemba 2020 Wolfgang Wodarg na Michael Yeadon waliiandikia mamlaka ya dawa ya Ulaya wakidai kingamwili za chanjo zingeweza kushambulia sinsitini, protini inayosaidia kujenga kondo la nyuma. Mfanano wa protini hizo mbili ni mdogo mno, na kama hoja ingekuwa kweli, kila aliyeugua korona angepoteza mimba yake kwa njia hiyohiyo, kwani naye ana kingamwili za protini ileile. Katika majaribio ya chanjo ya Pfizer wanawake 23 walishika mimba: 12 waliochanjwa, 11 waliopewa maji ya chumvi. New York walilinganisha wanawake 222 waliochanjwa na 983 ambao hawakuchanjwa wakiwa kwenye IVF. Mayai yaliyorutubishwa hayakutofautiana. Mzunguko wa hedhi kweli uliguswa: kati ya wanawake 3,959 wa Marekani, uliongezeka kwa chini ya siku moja, na kwa karibu siku mbili kwa waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja, kisha ukarudi. Waliolalamika hawakuwa wanaota, na kuwanyamazisha kulilisha uvumi. Kenya ilikuwa imeshapita hapo mwaka 2014, maaskofu Katoliki walipodai chanjo ya pepopunda ina hCG ya kuwazuia wanawake kuzaa. WHO na UNICEF walikanusha, lakini shaka ilibaki ikisubiri chanjo inayofuata.

Mpangilio wa ASRM ulikuwa rahisi: usichanjwe ndani ya siku 3 kabla au siku 3 baada ya kuvuna mayai au kurudisha kiinitete. Chanjo huweza kuleta homa, na homa baada ya sindano kupita ukeni inamlazimisha daktari kushuku usaha kwenye nyonga. Chanjo yenye kirusi hai, kama ya rubela, ndiyo inayotaka mwezi mzima kabla ya mimba.

Hatari ya kweli ilikuwa upande wa pili, kwa aliyeambukizwa akiwa na mimba. CDC ilipitia zaidi ya uzazi milioni 1.2 Marekani, Machi 2020 hadi Septemba 2021: watoto waliozaliwa wafu walikuwa asilimia 1.26 kwa wenye korona na 0.64 kwa wasio nayo, na wakati wa aina ya Delta hatari iliongezeka takriban mara nne. Kondo huvimba, huzibwa na damu iliyoganda, na mtoto hukosa hewa. Mtu aliyehangaika miaka saba kupata mimba ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuchanjwa.

Waliobebewa mimba na mama mbadala walikutana na lao. Mei 2020 kliniki ya BioTexCom ilitoa video ya watoto 46 kwenye vitanda vilivyopangwa safu ndani ya Hotel Venezia, Kyiv, wauguzi wakiwalisha, wazazi wao wakiwa nje ya mipaka iliyofungwa ya Ukraine. Kuingia kulihitaji ubalozi wa nchi ya mzazi uombe kibali maalumu kwa wizara ya mambo ya nje. Nchi ambazo hazitambui mkataba wa mama mbadala hazikuwa na haraka ya kuandika barua hiyo. Mwanasheria anayeandaa mkataba wa aina hii leo anaweka kipengele cha mipaka kufungwa: nani anamlea mtoto tangu saa ya kwanza, kwa gharama ya nani, nani ana idhini ya kusaini hospitalini na kwa msajili wa vizazi, na ndugu yupi aliye nchini anaruhusiwa kumchukua iwapo wazazi watachelewa zaidi ya siku 30.